Sindano kwenye sitini na tano: shajara ya mradi wa kadi ya kasi na kimo

8 Februari

Mradi huu umezaliwa leo mchana, kwenye kutua ambako sikukupenda.

Urubani nilijifunzia Dar es Salaam, kwenye uwanja ulio chini ya futi 200 kutoka usawa wa bahari. Macho yangu yalizoea kule: mwendo wa lami inavyokuja, mitaa inavyopita chini ya bawa, muda wa kuhesabu kabla magurudumu hayajagusa. Leo nimetua Arusha kwa mara ya kwanza, uwanja ulio karibu futi 4,550 juu. Saa nane mchana, nyuzi 27, soksi ya upepo imelala kabisa. Tulipokuwa tunaishia kwenye njia ya kurukia, mashamba ya kahawa yalikuwa yanapita chini yetu haraka kuliko nilivyozoea. Mkono ukaamua kabla ya kichwa. Nikapunguza pawa, nikavuta usukani kidogo, nikitaka ardhi ipunguze mwendo.

Mwalimu aliyekaa kulia akasema, bila kupandisha sauti: "Sindano, mwanangu. Achana na mibuni, tazama sindano."

Sindano ya kipimo cha kasi ilikuwa kwenye noti 56 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Nilitakiwa niwe na 65. Katika Cessna 172 yetu, ikiwa imejaa na flapu (vibawa vya nyuma ya bawa) zimeshushwa zote, mbawa huacha kuibeba ndege pale sindano inapofika 40. Kwa hiyo sikuwa nimefika pabaya, lakini zaidi ya theluthi ya akiba niliitumia kwa kudanganywa na macho. Mwalimu akarudisha pawa, tukatua salama.

Jioni nimefungua kumbukumbu ya GPS kwenye tableti. Dakika moja kabla, wakati sindano ilikuwa imetulia kwenye 65, GPS, inayopima mwendo juu ya ardhi, ilisoma 72. Upepo haukuwepo. Noti 7 zimetoka wapi? Nimeamua sitaruka peke yangu huku juu mpaka nilijibu swali hili kwa namba zangu mwenyewe, na nitengeneze kadi ya kubana kwenye ubao wa gotini.

11 Februari

Nimesoma upya jinsi kipimo cha kasi kinavyofanya kazi. Nilikijibu kwenye mtihani na nikapata alama, kumbe sikuwa nimekielewa.

Mrija wa pitoti chini ya bawa umefungua mdomo mbele, unapokea hewa inayogongwa na ndege. Kitundu kingine ubavuni kinapokea kanieneo ya hewa tuli. Ndani ya kipimo kuna kibweta cha bati jembamba kinachovimba kwa tofauti ya hizo mbili, na uvimbe huo ndio unaosukuma sindano. Hakuna zaidi ya hapo. Kipimo hakina habari ya ardhi wala ya muda. Kinapima msukumo wa hewa, kisha aliyekitengeneza ameandika noti kwenye uso wake akichukulia kwamba mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.225, yaani hewa ya usawa wa bahari, nyuzi 15, hektopaskali 1013.25.

Msukumo huo ni nusu ya densiti (uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo) mara kasi kwa kipeo cha pili. Hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima iende kasi zaidi ili kukusanya msukumo uleule. Sindano ikisema 65 huku juu, ina maana mbawa zinapigwa na msukumo uleule wa 65 ya pwani, na mbawa hubeba kwa msukumo huohuo. Ndiyo maana kasi ya kuacha kubeba, ukiisoma kwenye sindano, haibadiliki kwa ndege yenye uzito uleule, uwe Zanzibar au Arusha. Kinachobadilika ni kasi halisi, ile ambayo ardhi na matairi vitaiona.

Kwa kipimo cha maji, msukumo wa noti 65 ni kidogo kuliko nilivyodhani: unainua maji sentimita 7 tu. Sentimita saba za maji ndizo zinazonitenganisha na mashamba yale. Nimekaa nikiitazama rula kwa muda.

16 Februari

Jedwali la kwanza kwenye Excel. Limenipa kasi halisi ya noti 300 na ushee kwa Cessna. Nilikuwa nimeweka zile nyuzi 15 za usawa wa bahari kwa Selsiasi kwenye mgawanyo unaotaka Kelvini. Nimerekebisha.

Kosa la pili lilikuwa la kujificha zaidi: nilitumia kimo cha uwanja kama kilivyoandikwa kwenye chati. Kinachotakiwa ni kimo cha kanieneo, yaani kile altimeta (kipimo cha kimo) inachosoma ukiweka 1013. Siku ile QNH ya Arusha (kanieneo ya hewa iliyopigiwa hesabu kwa usawa wa bahari) ilikuwa 1018, kwa hiyo kimo cha kanieneo kilikuwa kama futi 4,400. Hapo ndipo unaongeza joto. Kwa hewa ya kawaida ya vitabu, futi 4,400 zingekuwa na nyuzi 6. Sisi tulikuwa na 27. Kila nyuzi moja ya ziada ni kama futi 120 nyingine, kwa hiyo ndege yangu ilikuwa inaruka kana kwamba uwanja uko futi 6,750 hivi. Hicho ndicho kimo cha densiti.

Kasi halisi ni kasi ya sindano ukizidisha kwa kipeuo cha pili cha densiti ya bahari juu ya densiti uliyo nayo. Kwa Arusha ya siku ile inatoka 1.106. Mara 65 ni 71.9.

GPS ilisema 72. Nilisimama jikoni nikapiga makofi peke yangu.

23 Februari

Namba zimenishawishi, lakini nilitaka kuona kwa macho, maana ni macho yaliyonidanganya. Nimetengeneza mrija wa U kwa mpira mwangavu wa mita moja na nusu, maji yenye matone ya wino mwekundu, na rula ya shule. Ncha moja imeunganishwa na bomba jembamba la shaba lililoelekea mbele, ncha ya pili na bomba lililozibwa mdomo na kutobolewa vitundu vidogo ubavuni. Vyote nimevifunga kwenye ufito mrefu mbele na juu ya kibini cha pikapu ya shemeji, mbali na hewa inayosumbuliwa na bodi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tumekwenda barabara ya Makuyuni, tukapita Kisongo mpaka pale inaponyooka. Shemeji ameshika kilomita 80 kwa saa za GPS, kwenda na kurudi, mara sita. Mimi nimesoma maji. Barabara inatikisa, na maji hayatulii kama kwenye picha za kitabu. Ilibidi nibane mpira kidogo kwa kibanio cha nguo ili yapande polepole. Usomaji ulikuwa kati ya milimita 25 na 27. Wastani 26. Joto nyuzi 18.

Shemeji ameuliza kama tumemaliza kupima. Nimemwambia tumefika nusu, nusu nyingine iko Dar.

9 Machi

Dar es Salaam. Nimekuja kwa basi na mrija wangu ndani ya boksi. Pikapu ni ya rafiki, barabara ni ya Bagamoyo baada ya Bunju, alfajiri kabla malori hayajajaa. Nyuzi 26. Kilomita 80 kwa saa zilezile za GPS, safari sita zilezile.

Maji yamepanda kati ya milimita 28 na 31. Wastani 29 na nusu.

Mwendo uleule, na hewa ya pwani inasukuma milimita tatu na nusu zaidi. Nilitazamia kwa hesabu Arusha iwe asilimia 88 ya Dar, na 26 kwa 29.5 ni asilimia 88. Najua kuna bahati ndani yake. Rula yangu haina uwezo wa kuwa sahihi hivyo, na usomaji mmojammoja ulikuwa unayumba. Lakini mwelekeo na ukubwa wa tofauti havina ubishi. Nimepiga picha za mrija wote wawili na kuziweka bega kwa bega. Mwanafunzi yeyote nitakayemweleza jambo hili nitamwanzishia na picha hizi kabla ya fomula.

Jambo la pembeni nililolikuta nikisoma usiku: unyevu nao unapunguza densiti. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu unayoisukuma kando. Kwa jasho la Dar, nyuzi 31 na unyevu mzito, ni kama asilimia moja ya densiti, sawa na kupanda futi mia nne hivi. Kwenye kasi ni nusu ya noti. Sitauweka kwenye kadi, lakini nimeufurahia, kwa sababu miaka yote nimesikia watu wakisema hewa ya pwani ni nzito kwa sababu ya unyevu.

22 Machi

Safari ya majaribio hewani. Mimi usukani, mwalimu kulia akiandika. Tumekwenda kusini magharibi, juu ya mbuga, mbali na Meru na mawimbi yake ya upepo. Altimeta kwenye 1013, futi 7,500 kamili. Joto la nje nyuzi 16. Sindano 100, bila kuigusa pawa tena.

Upepo ndio adui wa jaribio hili, kwa sababu GPS inaona ardhi tu. Dawa yake ni kuelekeza pua pande nne na kushika kila upande dakika mbili. Usomaji wa GPS:

Mashariki 98. Magharibi 126. Kaskazini 113. Kusini 112.

Upepo unajionyesha wenyewe: nusu ya tofauti ya mashariki na magharibi, noti 14 kutoka mashariki. Ukiuondoa vizuri (wastani wa vipeo vya pili, toa kipeo cha pili cha upepo, kisha kipeuo) kasi halisi ni 111.8.

Jedwali langu lilisema 115.

Noti tatu. Mwalimu amesema kwa safari ya kwanza si mbaya. Mimi sikubali. Pwani na barabarani namba zilikaa, kwa nini huku zikatae?

29 Machi

Wiki nzima nimezisaka noti tatu. Nilishuku kipimajoto kwanza, kwa sababu kile cha kwenye ndege nilishawahi kukikuta kinasoma 38 ndege ikiwa imesimama juani. Lakini hewani kinapigwa na upepo, na ili kupata noti tatu kingebidi kikosee kwa nyuzi zaidi ya kumi na tano. Nikashuku altimeta. Haikuwa hiyo.

Jibu lilikuwa kwenye kitabu cha ndege, ukurasa ambao nimeufungua mara nyingi nikitafuta kurasa nyingine: jedwali la kusahihisha sindano. Kitundu cha kanieneo tuli ubavuni hakikai mahali ambapo hewa ni tuli kabisa, na pua ya ndege ikiinuka au kushuka kosa linabadilika. Kwa ndege yetu, sindano ikisoma 100 bila flapu, kasi iliyosahihishwa ni 97. Karibu na noti 70 kosa ni sifuri, ndiyo maana kutua kwangu kule kulikubali hesabu bila kunung'unika.

97 mara 1.151 ni 111.7. Hewani tulipata 111.8.

Nimempigia mwalimu simu. Amecheka, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Mimi nimefundisha miaka mingi na ukurasa huo huwa naupita." Nimeongeza safu ya usahihisho kwenye jedwali.

Aprili

Mvua. Hakuna safari za maana. Nimeandika jedwali upya liwe safi na nimebadilisha rangi za safu. Basi.

17 Mei

Leo nimepata kitu ambacho kimenifanya niheshimu zaidi marubani wa zamani.

Kuna kanuni ya kichwani inayofundishwa kila mahali: ongeza asilimia 2 kwenye kasi kwa kila futi 1,000. Ukiipima na hewa ya kawaida ya vitabu, inazidisha. Kwenye futi 5,000 inasema 10, hesabu kamili inasema 7.7. Kwenye futi 10,000 inasema 20, hesabu inasema 16.4. Nilikuwa tayari kuandika kwenye kadi kwamba kanuni hii iachwe.

Kisha nikaweka joto la kwetu. Huku karibu na ikweta, hewa ya juu huwa na nyuzi 13 hadi 15 zaidi ya ile ya vitabu. Kwenye futi 10,000 kitabu kinasema nyuzi 5 chini ya sifuri, na sisi huwa tunasoma 8, 9, hata 10 juu yake. Kwa ziada ya nyuzi 15, futi 5,000 zinatoa asilimia 10.6 na futi 10,000 zinatoa 19.6. Kanuni inakaa karibu kabisa. Hata jaribio letu la Machi: futi 7,500, asilimia 15, mara 97, noti 111 na nusu. Ningeweza kulipata jibu kichwani wakati nageuza ndege.

Kwa hiyo kanuni inayokosea kidogo kwenye hewa ya vitabu inapatia kwenye hewa yetu. Nimeiandika juu kabisa ya kadi, kwa wino mzito, na chini yake: "kwa joto letu".

31 Mei

Sehemu hii sikuipanga, na sasa naona ndiyo nzito kuliko zote.

Nilikuwa nafikiria kutua tu. Lakini kasi halisi ndiyo pia inayoamua ndege itageuka kwa duara kubwa kiasi gani, na duara linakua kwa kipeo cha pili. Chukua sindano kwenye 90 na ulalo wa mbawa wa nyuzi 30. Pwani siku ya joto, nusu kipenyo ni kama mita 400. Kwenye futi 10,000 kwa joto letu, sindano ileile, ulalo uleule, ni mita 540. Ukigeuka kurudi ulikotoka unahitaji upana wa mara mbili ya hapo: mita 800 pwani, karibu mita 1,080 huku.

Fikiria bonde lenye upana wa kilomita moja kwenye miteremko ya Meru au kingo za Ngorongoro, na mawingu yameshuka mbele. Rubani aliyefundishwa pwani atajua kwa mwili wake kwamba nafasi inatosha. Sindano haitamwonya, kwa sababu sindano iko sahihi. Na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) imeshapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, kwa hiyo kupanda ili kuukwepa mlima nako ni kugumu. Nimekaa na namba hizi usiku kucha. Nimeongeza upande wa pili wa kadi kwa ajili yake tu.

Hili pia limenieleza kwa nini siku ile ya Februari nilipitiliza nikigeukia njia ya kutua, jambo ambalo hata sikuliandika kwa sababu nilidhani ni uzembe wa kawaida.

8 Juni

Upande wa kwanza wa kadi, sindano ikiwa 65 wakati wa kutua, bila upepo:

Dar es Salaam, nyuzi 31: kimo cha densiti futi 2,100, kasi ya ardhini 67.
Arusha asubuhi, nyuzi 16: futi 5,500, kasi 70 na nusu.
Dodoma mchana, nyuzi 31: futi 6,300, kasi 71 na nusu.
Arusha mchana, nyuzi 27: futi 6,750, kasi 72.
Wilson, Nairobi, nyuzi 25: futi 7,600, kasi 73.

Mstari wa Dodoma umewashangaza wote niliowaonyesha. Uwanja wake uko karibu futi 900 chini ya Arusha, lakini ukitua huko mchana wa joto ndege inagusa chini kwa kasi zaidi kuliko Arusha alfajiri.

Noti 73 badala ya 65 zinaonekana kidogo mpaka uzigeuze kuwa nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza: Wilson ya nyuzi 25 ni asilimia 26 zaidi ya hewa ya kawaida ya bahari. Lami unayoihitaji inaongezeka karibu kwa kiasi hichohicho. Mwalimu amenitaka niandike hilo kwa asilimia, si kwa mita, kwa sababu mita hubadilika kwa kila ndege na kila uzito.

Ameniuliza pia kuhusu safari ya Dar, takriban maili 260 za baharini. Kuna faida upande huo. Kwa nguvu ileile ya injini, hewa nyepesi haiipingi ndege kama hewa nzito, na kasi halisi inapanda; kitabu chetu kinatoa noti 124 kwenye futi 8,500 kwa asilimia 75 ya nguvu. Juu zaidi ya hapo injini haiwezi tena kuifikia asilimia 75, na faida inaanza kuliwa. Kwa bahati nzuri 8,500 ni mojawapo ya vimo vilivyopangwa kwa mwelekeo wa kurudi kutoka Dar kuja Arusha. Kwenda, 7,500 inatosha.

21 Juni

Nimetua Arusha saa nane na nusu mchana, peke yangu, kadi gotini. Upepo noti 3 usoni, nyuzi 23. Nilipogeuka kuikabili njia, niligeuka mapema kuliko mikono ilivyotaka. Mibuni imepita kwa haraka ileile ya Februari. Nimeiacha ipite. Sindano 65, GPS 68. Magurudumu yamegusa pale nilipopachagua.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha banda na mwanafunzi mpya, kijana aliyetoka kumaliza mafunzo yake Zanzibar, ambako uwanja uko futi 50 na kitu tu. Ameniomba kadi. Nimempa, na kwenye simu nimemwonyesha kwanza picha mbili za maji mekundu.

Kazi iliyobaki: jaribio la pande nne kwenye futi 10,000, asubuhi ya kwanza yenye anga safi mwezi Julai.